Batri ya pikipiki isilale na njaa

Ndugu wafanyakazi wa migodi, bamama wenye kutungojea ku nyumba, na ninyi vijana wenye kutubeba asubui na mangaribi, leo tunaleta habari ya kitu kidogo. Mutu anakibeba na mukono mumoja. Kinakaa chini ya kiti cha pikipiki, na hatukikumbuki paka siku yenye kinakataa kazi. Ni batri.

Mwezi uliopita tulienda ku hospitali kuangalia mwenzetu mumoja wa posti ya usiku. Muguu wake ulivunjika pahali pawili. Alikuwa anarudia nyumbani mu barabara kubwa, ile yenye malori ya shaba yanapita muchana na usiku. Pikipiki ilizima katikati ya vumbi. Alipiga starteri, hakuna. Klakisoni, hakuna. Taa za kuonyesha, hakuna. Dereva wa lori la nyuma alimuona wakati alikuwa amekwisha kumugonga. Mungu alisaidia, lori halikuwa linakimbia.

Tulipomuuliza, alijibu: "Batri ilikuwa mufu tangu wiki mbili. Nilikuwa nangojea mushahara." Bibi yake aliinamisha kichwa. Akasema ni yeye njo alikuwa anatoa ile batri kila mangaribi kwa kuwasha taa, watoto wasome. "Ni mimi nilimaliza ile batri," akasema.

Tulimujibu pale pale, na tunarudilia hapa mbele ya wote: mama, kosa si yako. Mama mwenye kutafutia watoto wake mwangaza hana kosa. Lakini kuko kitu cha kutengeneza, na sehemu moja ya kile kitu iko mu mikono yetu, sehemu ingine iko mu mikono ya wenye kutuajiri. Tunataka kusema zote mbili, bila kuficha hata moja.

Kwa nini batri inakufa mbele ya wakati wake

Batri ya pikipiki zetu nyingi ni ya volti 12, na inabeba amperi-saa 5, 7 ao 9. Ni kidogo sana. Ndani kuko bamba za risasi na maji ya asidi. Ilitengenezwa kwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde mbili tatu, moteri iwake, kisha moteri yenyewe irudishe ile nguvu. Haikutengenezwa kwa kuwasha nyumba usiku muzima. Ukiinyonya mpaka mwisho, tena ukiiacha siku nyingi bila kuijaza, bamba zinashika chumvi nyeupe ngumu. Ile chumvi ikisha kukauka haitoki tena vizuri. Sisi tunasema "batri imekufa". Mara nyingi ililala na njaa tu, siku kisha siku.

Na maisha yetu ya mugodi inaongeza ile njaa. Safari ni fupi: kilometa chache kutoka cite mpaka ku mulango wa kampuni, tena nusu yake ni kungojea nyuma ya malori, moteri inazunguka polepole. Starteri inakula, moteri hairudishi yote. Kisha pikipiki inasimama saa 8 ao saa 12 mu jua kali, na joto linaharibu batri. Tena sisi wenyewe tunafunga taa za nyongeza, redio, na waya wa kujaza simu ku mukono wa pikipiki. Wengine wanafanya wiki mbili ku kambi ya mugodi, pikipiki inabaki mu lupango, hakuna mwenye kuiwasha. Na mangaribi, umeme ukikatwa, batri inatolewa kwa taa. Kitu kimoja kidogo, kazi tano.

Kuko wenye kusema: "Pikipiki yangu iko na kiki, batri ni ya nini?" Tunawajibu kwa heshima. Ni kweli, kwa pikipiki nyingi za zamani taa kubwa ya mbele inapata nguvu yake moja kwa moja ku moteri. Lakini klakisoni, taa za kuonyesha na ile taa nyekundu ya kufunga frene zinategemea batri. Na moteri ikizima mu barabara, hata ile taa kubwa inazima nayo. Pale unabaki mutu mweusi, mu usiku mweusi, mbele ya lori la tani makumi. Tena pikipiki mupya zenye kupuliza petroli kwa umeme, batri ikiisha, mara nyingi kiki haitakusaidia kitu.

Jua liko, lakini kuko namna ya kulitumia

Ku Kolwezi, ku Likasi, ku Lubumbashi, hatukosi jua. Hata mu miezi ya mvua, asubui nyingi linatoka mbele ya mawingu kukusanyika. Plake ndogo ya jua ya watti 10 inatosha kulisha batri ya pikipiki. Hesabu yake ni hii. Plake ya watti 10 inatoa karibu nusu amperi wakati jua liko kali. Kwa saa tano za jua muzuri unapata karibu amperi-saa 2 na nusu. Batri ya amperi-saa 7 yenye imeshuka nusu itajaa kwa siku mbili. Ile polepole ni muzuri kwa batri ndogo. Kuijaza mbio na mashini kubwa ya garaji njo kunaipikisha.

Lakini tumeona wenzetu wengi wanafunga plake moja kwa moja ku batri, waya ku waya. Tunawaomba waache. Plake yenye wanaandika "volti 12" inaweza kupandisha mpaka volti 21 bila mutu wa kuizuia. Batri ikisha kujaa, ile nguvu inaendelea kuingia, maji yanachemka, batri inavimba. Katikati ya plake na batri weka regilateri. Ni kisanduku kidogo chenye kuzuia nguvu ikifika karibu volti 14 na nusu, na usiku kinazuia batri isirudishe nguvu yake ku plake. Mutu mwenye kununua plake bila regilateri, ni kama mutu mwenye kununua chungu bila kununua mufuniko, na maji yako ku moto.

Mambo ingine tulijifunza kwa kukosea, tunayasema mafupi:

Funga batri kwanza ku regilateri, kisha plake. Wakati wa kutoa, toa plake kwanza. Plus kwa plus, minus kwa minus. Ukigeuza, regilateri inaungua siku ile ile. Weka fizibule ku waya wa plus, karibu na batri, kusudi nyaya zikigusana, kikatike kile kidogo mbele ya nyumba kuwaka. Ukitoa batri ku pikipiki, fungula minus kwanza. Ukirudisha, minus inafungwa ya mwisho.

Usijaze batri mu chumba cha kulala, wala karibu na mbabula. Batri yenye kujaa inatoa hewa yenye kulipuka. Peleka inje, pahali hewa inapita, na hakuna sigara. Kama batri iko na vifuniko vya maji, ongeza paka maji ya batri yenye wanauza mu chupa, usiweke maji ya bomba ao ya kisima. Kama imefungwa yote, usiifungule. Asidi ikikugusa, mwanga maji mengi palepale, na kama ni mu jicho, osha kisha kimbia ku hospitali.

Plake ipande juu ya mabati, iinamie kidogo upande wa kaskazini, ifungwe na boloni ili mwizi achoke. Usiiweke chini ya muembe: majani machache yakifunika kipande kimoja, plake nzima inapunguza kazi. Na kwetu kuko vumbi la mugodi. Mu kiangazi, pangusa plake asubui na kitambaa chenye maji, mbele haijapata moto. Mutoto wa miaka 10 anaweza kuifanya mbele ya kwenda ku masomo.

Kununua testeri ya volti ni kazi ya kikundi, moja inatosha kwa lupango makumi. Acha batri ipumzike saa moja, kisha pima. Ikionyesha 12.6 ao 12.7, imeshiba. 12.2, iko nusu, ijaze leo. Chini ya 12, iko na njaa mubaya, usingojee mushahara.

Na muangalie wauzaji. Plake ya kweli ya watti 10 iko kubwa kidogo kupita karatasi ya kuandikia barua. Mutu akikuonyesha plake ya ile kipimo, akisema ni watti 50, anakudanganya. Jua linatoa kiasi chake, karatasi ya kubandika haiongezi kitu.

Taa ya watoto iwe na nguvu yake

Sasa turudi kwa yule mama. Hatuwezi kumwambia "usiguse tena batri ya pikipiki" na kumuacha mu giza. Hiyo ni kumufunga mikono tu. Plake ile ile ya juu ya mabati, siku pikipiki iko ku kazi, haina kitu cha kulisha. Basi ilishe taa ya jua ya nyumba, ao batri ingine ndogo yenye itabaki mu nyumba. Mangaribi watoto wanasoma, mama anapika akiona chungu, na batri ya pikipiki inabaki pahali pake. Batri mbili, kazi mbili. Mutu asiye na feza ya kufanya yote kwa mara moja, aanze na taa ya nyumba, maana ikisha kuwa na taa, hakuna tena sababu ya kunyonya ile ya pikipiki.

Kwa feza, tunajua mushahara wetu. Lakini kila mutu ahesabu mwenyewe: alinunua batri ngapi mu miaka mitatu? Alilipa garaji mara ngapi kwa kujaza? Alipoteza siku ngapi kwa kuchelewa? Aweke ile hesabu kando ya bei ya plake moja na regilateri moja, akikumbuka kwamba plake muzuri inaweza kutumika hata miaka 20. Watu kumi wakifanya likelemba, kila mwezi nyumba moja inapata yake, na kununua kumi pamoja kunapunguza bei. Mu kikundi chetu tulianza hivyo. Haikutushinda.

Lakini pikipiki iko wapi wakati jua linatoka?

Hapa njo tunafika kwa shida kubwa, na hapa njo tunatofautiana na wale wenye kufikiri kila mufanyakazi ajitafutie. Jua linatoka muchana. Muchana, mwenye kufanya posti ya muchana amekwisha kupeleka pikipiki ku kazi. Plake yake iko juu ya mabati ku cite, pikipiki yake iko ku parkingi ya kampuni. Hazikutani. Ile ya nyumba inasaidia mutu wa posti ya usiku, inasaidia siku ya mapumziko, na ni muzuri. Lakini pahali pa kweli pa kulisha batri zetu ni pale pikipiki mia mbili zinasimama siku nzima chini ya jua: ku parkingi.

Tufanye hesabu tena. Pikipiki 200, kila moja watti 10, ni watti 2,000. Ni karibu nguvu yenye klimatizeri mbili za biro zinakula. Kwa mugodi wenye mashini za kusaga mawe na matanuru ya kuyeyusha shaba, hicho ni kitu gani? Paa ya mabati juu ya parkingi, plake juu ya paa, regilateri na nyaya chini. Pikipiki zitapata kivuli, batri hazitapikwa, na mufanyakazi atatoka usiku na taa zake zote zinawaka.

Watatuambia: pikipiki ni mali ya mufanyakazi, kampuni haihusiki. Tunawajibu na sheria. Sheria ya usalama wa jamii ya 2016 inahesabu ajali ya njiani, kati ya nyumba na kazi, kama ajali ya kazi. Kama ajali ya njiani ni ya kazi, basi na taa ya njiani inahusu kazi. Mwajiri mwenye kutuletea kofia, viatu vya chuma na mafundisho ya usalama kila juma ya kwanza, asifunge macho mutu akisha kupita mulango.

Kuko na wenzetu mu sindika wenye kutukemea upande ungine. Wanasema: "Tunadai basi za kusafirisha wafanyakazi, na ninyi munakuja na plake za pikipiki. Munawapa kampuni njia ya kutoroka." Tunawasikia, na mashaka yao si ya bure. Tumeona mwajiri mwenye kutoa kitu kidogo kusudi asitoe kikubwa. Kwa hiyo tunaandika wazi: plake ya parkingi hairudishi nyuma deni la usafiri. Basi, ao feza ya usafiri yenye kulipwa vizuri, vinabaki ku meza. Lakini yule mwenzetu wa hospitali hakugongwa mu mwaka wenye basi zitakuja. Aligongwa mu huu mwaka. Mutu hawezi kumwambia mwenye kiu angojee mutaro wa maji uishe kuchimbwa.

Na kuko jambo lingine lenye linatuuma. Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima, na kobalti nyingi inaingia mu batri za simu na za motokari za umeme za inchi za mbali. Laini kubwa ya Inga mpaka Kolwezi, karibu kilometa 1,700, ilimalizika mu 1982 kusudi migodi ipate umeme, na inapita juu ya vijiji vyenye kulala na taa ya petroli. Sisi wenye kutoa mawe ya batri za dunia, batri yetu ya amperi-saa 7 inatushinda. Hatusemi hivi kwa kulia. Tunasema kusudi mutu asije kutuambia kwamba tunaomba kitu kikubwa.

Yenye tunaomba

Kwanza, kila kampuni yenye parkingi ya pikipiki iweke paa na plake za jua zenye regilateri, na mutu wa kuzichunga. Wafanyakazi wa kampuni ndogo za kukodishwa waingie sawasawa na wa kampuni kubwa. Wao njo wengi wenye kuja na pikipiki.

Pili, ile kazi ilipwe na feza ya kampuni yenyewe. Sheria ya migodi yenye iligeuzwa mu 2018 inadai kampuni itoe angalau 0.3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii ya pale inachimba. Ile feza ni ya vijiji na ya cite: visima, masomo, hospitali, na kama wakaaji wanataka, pahali pa kujazia taa na batri za watu wote. Isitumiwe kwa kulipa deni la mwajiri kwa wafanyakazi wake. Delege wetu waangalie hapo kwa macho mawili.

Tatu, batri za zamani zikusanywe. Leo zinatupwa nyuma ya nyumba, watoto wanazipasua, wengine wanayeyusha risasi ku mbabula. Moshi wa risasi unaharibu akili ya mutoto, na hakuna dawa ya kuirudisha yote. Kampuni zinajua kuchunga takataka zao za sumu. Zipokee na hizi.

Na sisi wenyewe tujiombe kitu: tupime batri mbele ya kutoka, tusifunge plake bila regilateri, tusiache bibi zetu kuchagua kati ya masomo ya watoto na taa ya baba.

Mwenzetu ametoka ku hospitali. Anatembea na fimbo. Likelemba ya kikundi ilimupa yeye zamu ya kwanza, na plake iko juu ya mabati yake tangu juma lililopita, na taa ya watoto inawaka bila kugusa pikipiki. Hiyo ni sehemu yetu, tumeianza. Sasa wiki hii kila mumoja amuulize delege wake swali moja: ku parkingi yetu, nani atajibu, na siku gani?